Kamera ya Video na Hewa ya Amani

Msikilizaji wangu, uwe Mkinga au Pangani, Muheza mjini au huku juu Amani, mazungumzo ya leo ni ya mtu anayetaka kununua kamera ya video. Huenda unapiga harusi na umechoka kukodi kamera ya mwenzio. Huenda unaongoza wageni kwenye njia za msitu, na kila siku unawasimulia ndege ambaye hukuweza kuwaonyesha. Huenda una bibi yako Kisiwani anayezungumza Kibondei ambacho wajukuu wanakisikia nusunusu, nawe unaona umri unakwenda. Nyote nataka kuanza nanyi mahali pamoja, kabla ya duka na kabla ya bei. Tuanze na unyevunyevu wa hewa.

Amani, huku kwenye milima ya Usambara Mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Tanga mjini ni kama 1,300. Huku tuko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, na shati lililofuliwa Jumatatu, Jumatano bado linadai jua. Hewa hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta Wajerumani, mwaka 1902, kujenga hapa taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo. Ndiyo inayootesha iliki yetu, karafuu yetu, na chai ya Bulwa na Kwamkoro. Na kwa mwenye kamera, hewa hiyohiyo ni adui anayefanya kazi usiku na mchana bila kelele.

Muuzaji dukani, iwe Tanga au Kariakoo, atakuuliza unataka HD au 4K. Swali lake lina maana na nitalifikia. Lakini wewe jiulize kwanza: picha nitakayopiga itakaa juu ya kitu gani, na kitu hicho kitadumu miaka mingapi mahali ninapoishi? Mimi nalitanguliza swali hilo mbele ya mengine yote, na sababu yangu ipo kwenye masanduku ya watu wa wilaya yetu ya Muheza.

Tukumbuke tulikotoka. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa bara tulikaa bila kituo chochote cha televisheni mpaka mwaka 1994. Video ilitangulia. Watu walikuwa na seti na deki kabla ya kuwapo kituo cha kutazama. Jamaa waliotoka Uarabuni walikuja nazo, vibanda vya video vikafunguka, kisha harusi nazo zikaanza kupigwa. Kaseti ya VHS, ile kubwa yenye utepe wa upana wa nusu inchi, ikaingia kwenye sanduku la bibi harusi pamoja na kanga zake. Baadaye zikaja kamera ndogo za utepe wa milimita 8, na kuanzia 1995 zikaja za MiniDV, kijikaseti cha kidijitali kinachoenea kwenye kiganja na kurekodi dakika 60.

Sasa mtu afungue sanduku hilo leo. Atazame kaseti kupitia kile kidirisha cha plastiki. Mara nyingi ataona weupe umetanda ukingoni mwa utepe, kama pamba iliyochanika. Hilo ni kuvu, na limeota juu ya harusi ya mama yake.

Utepe wa video ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na unga ule umeshikishwa kwa gundi. Picha yote imo ndani ya unga. Unyevunyevu ukikaa muda mrefu, maji huingia kwenye gundi, yakaivunja polepole. Utepe unanata, unga unabanduka, na ukiuingiza kwenye deki, vichwa vinavyosoma vinaziba. Kuvu nalo hukuta hapo chakula na maji. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kaseti moja yenye kuvu ikipita kwenye deki, vumbi lake hubaki ndani na kuhamia kwenye kaseti ya pili na ya tatu. Kwa hiyo ukiiona nyeupe, usiijaribu. Ifunge peke yake, mpelekee mtu anayejua kusafisha na kuhamisha kanda, na umuulize mapema kama kweli anasafisha au anaingiza tu mashineni.

Na usikae sana. Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kuunda deki za VHS, Funai ya Japani, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizopo zinakufa moja moja na vipuri vyake haviundwi tena. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha walitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu kanda za sumaku, wakitaja 2025 kuwa mwaka ambao baada yake kuzihamisha kungekuwa kugumu mno, hata kwa taasisi kubwa. Kama taasisi za Ulaya zenye vyumba vikavu vya kuhifadhia zilitiwa hofu na tahadhari ile, sisi wenye sanduku chini ya kitanda, kwenye ukungu wa Usambara, tuna haki ya kuhofu zaidi.

Kamera za kanda zina tabia nyingine ambayo wapiga picha wa zamani wa huku wanaikumbuka. Unalala Amani, kamera imepoa usiku kucha. Alfajiri unashuka Muheza, kilomita 30 na ushei, unakuta hewa ya joto yenye mvuke. Ukiitoa tu kwenye begi, mvuke ule unageuka maji juu ya kila kitu cha baridi, na ndani ya kamera kuna gurudumu la chuma la kusoma utepe. Kamera inawasha taa ya umande na kugoma. Inagoma kwa haki, maana utepe ungejibandika kwenye chuma kile na kuchanika. Unasubiri, huku akina mama wameshaanza kuimba na bwana harusi yuko mlangoni.

Basi mtu akikuletea leo kamera ya MiniDV ya mtumba, safi, kwa bei ya kutupa, ushauri wangu ni mmoja: kama unayo rundo la kanda za MiniDV za kuhamisha, inunue ikusaidie kazi hiyo. Kwa kupigia picha mpya, iache.

Kati ya kanda na kadi kulikuwa na vituo viwili vya njiani, na kamera zake bado zinazunguka sokoni. Kimoja ni kamera za diski ndogo ya DVD, ya sentimita 8. Diski hiyo inabeba gigabaiti 1.4, na kwa ubora wa juu haifiki mbali zaidi ya dakika 20 hivi. Usipoifunga rasmi kabla ya kuitoa, deki nyingine haiisomi. Kituo cha pili ni kamera zenye diski ngumu ndani, inayozunguka. Hizi zilikuwa na nafasi kubwa, lakini diski inayozunguka haipendi kutikiswa, nawe unajua barabara ya kupanda Amani wakati wa masika. Haipendi hata kelele kubwa. Vitabu vya maelezo vya kamera zile vilionya kwamba palipo na sauti kali mno kamera huweza kushindwa kurekodi. Katika mkoa uliozaa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambako taarabu haina maana spika zisipotetemesha kifua, kamera ya namna hiyo haina kazi.

Tumefika kwenye memori kadi, ambayo karibu kamera zote mpya zinaitumia. Ile ya SD ilitangazwa mwaka 1999. Haina kinachozunguka, haina utepe wa kunata, na kuvu halipati chakula ndani yake. Kwa hewa yetu, hiyo ni nafuu kubwa mno. Lakini kadi ina elimu yake, na hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea.

Kadi ina sifa mbili zinazochanganywa: ukubwa na kasi. Ukubwa ni gigabaiti ngapi zinaingia. Kasi ni megabaiti ngapi inaweza kuandika kila sekunde bila kusita. Kamera inapiga picha mfululizo, haiwezi kumwambia bibi harusi asimame kadi ipumue. Kadi ikichelewa, kamera inakata kurekodi. Tazama alama kwenye uso wa kadi. Namba 10 iliyo ndani ya herufi C inaahidi megabaiti 10 kwa sekunde zisizopungua. Namba 3 iliyo ndani ya herufi U, au V30, inaahidi 30. V60 na V90 zinaahidi kama namba zake zinavyosema, na bei yake nayo inapanda. Zile namba kubwa zinazong'aa katikati ya kadi, 150 au 200, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, na hazikuhusu wakati wa kupiga.

Sasa linganisha na kamera. Kwenye maelezo yake kamera hutaja megabiti kwa sekunde, na biti 8 ndiyo baiti 1. Kamera ya HD ya mfumo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, ikirekodi megabiti 24 kwa sekunde, ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 3. Kadi yoyote ya namba 10 inatosha na chenji inabaki. Kwa saa moja hiyo ni karibu gigabaiti 11. Kamera ya 4K inayorekodi megabiti 100 inaandika megabaiti 12 na nusu kila sekunde. Hapo kadi ya namba 10 imeshindwa, unahitaji U3 au V30, na saa moja inakula gigabaiti 45. Kadi ya gigabaiti 64 itakupa karibu saa sita za ile HD. Kwa 4K ile itakupa saa moja na dakika 25 hivi, kisha imejaa.

Piga hesabu ya shughuli nzima. Harusi ya saa sita, kuanzia kupambwa bibi harusi mpaka watu wanapotawanyika, kwa HD ni kama gigabaiti 65. Kwa 4K ni 270. Na nakala lazima iwe zaidi ya moja, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Kisha kompyuta ya kuhariri nayo iwe na nguvu ya kuvuta mzigo ule, umeme ukiwapo. Muuzaji anapokwambia kamera ile ya 4K imezidi hii kidogo tu kwa bei, anakwambia bei ya kamera. Bei ya kulisha kamera hiyo hakutajii.

Kuna na kadi feki. Zimejaa. Mtu anauziwa kadi iliyoandikwa gigabaiti 512 kwa bei ya nauli, na ndani mna 16. Ubaya wake ni kwamba haikwambii imejaa. Inaendelea kukubali, na inayoandikwa baadaye inapotea au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Unafika nyumbani una nusu saa ya kwanza, au una mafaili yasiyofunguka. Kwa hiyo kadi mpya usiende nayo kazini siku hiyohiyo. Ijaze yote nyumbani, mpaka pomoni, kwa picha za barabara au za kuku uani, kisha ifungue kwenye kompyuta uangalie mwanzo, kati na mwisho. Ikipita, ifomati ndani ya kamera yenyewe, ndipo uiamini.

Pia usishtuke ukikuta mkutano wa saa mbili umekatika vipande vipande kwenye kadi. Kadi za mpaka gigabaiti 32 hutumia mpangilio usioruhusu faili moja kupita gigabaiti 4, kwa hiyo kamera inafunga faili na kufungua jingine. Chukua vipande vyote, usiache hata kimoja, na uviunganishe kwenye kompyuta.

Kama fedha inaruhusu jambo moja tu la ziada kwenye kamera, mimi ningelipia matundu mawili ya kadi yanayorekodi kwa wakati mmoja. Kadi ya kwanza ikifa, ya pili ina picha ileile. Harusi hairudiwi, na mazishi hayarudiwi. Ningelipia hilo kabla ya kulipia 4K.

Tuingie sasa kwenye hiyo 4K. Picha ya video ni nukta nyingi zilizopangwa kwa safu, na kila nukta huitwa pikseli. Picha ya mfumo wa zamani wa PAL, ambao nchi yetu iliufuata, katika udijitali ina pikseli 720 kwa 576, yaani laki nne na kitu. VHS haikufika hata hapo. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, zaidi kidogo ya milioni mbili. 4K ya majumbani ni 3,840 kwa 2,160, milioni nane na laki tatu hivi. Kwa hiyo 4K ni Full HD nne zilizowekwa pamoja.

Nani atazitazama hizo milioni nane? Mpiga video wa Muheza anayemkabidhi mteja flashi ya kuchomeka kwenye televisheni ya inchi 32, na vipande vya kutuma WhatsApp, hana mtazamaji wa 4K. WhatsApp hubana picha na kuishusha vibaya, na kwenye inchi 32, ukiwa kwenye kochi la upande wa pili wa sebule, jicho halitofautishi. Kwa kazi hiyo Full HD inatosha, na nasema inatosha kwa moyo mweupe. Fedha inayobaki inunue kadi za kweli, betri ya pili na maiki.

Lakini yule kijana anayeongoza wageni msituni nampa jibu jingine. Yeye 4K inamfaa, kwa sababu ndege hakai katikati ya picha. Ukipiga kwa 4K unaweza baadaye, wakati wa kuhariri, kukata robo ya picha yenye ndege, na robo hiyo bado ni Full HD kamili. Kwa mtu anayefuata chozi wa Amani juu ya maua, hiyo ni faida ya kweli.

Hata yeye, hata hivyo, atakutana na giza. Ndani ya msitu wetu, chini ya miti mirefu, saa nne asubuhi panaweza kuwa kama magharibi. Yupo ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, wataalamu wanamwita Artisornis moreaui, kwa heshima ya Reginald Moreau aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani tangu 1928 na kuwachunguza ndege wa milima hii kwa miaka mingi. Duniani kote ndege huyo anajulikana kuishi Usambara Mashariki na kwenye uwanda mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji, basi. Anapenda kujificha kwenye mitambaa iliyosongamana. Kumpiga video kunataka mwanga ambao hapo haupo. Bundi wa Usambara ndiye zaidi: alipewa jina la kitaalamu mwaka 1908, kutokana na Julius Vosseler wa taasisi ileile ya Wajerumani, na yeye hutoka usiku.

Hapa ndipo namba ya pikseli inapoweza kukudanganya. Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga. Ukigawa kibamba kidogo kwa pikseli milioni nane, kila moja inapata mwanga kiduchu, na picha ya gizani inajaa chengachenga. Kihisi kikubwa kinakusanya mwanga mwingi zaidi. Kamera ya Full HD yenye kihisi kizuri cha inchi 1 inaweza kukupa msituni picha safi kuliko kamera ya 4K yenye kihisi cha ukubwa wa ukucha wa mtoto. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya kamera, tafuta ukubwa wa kihisi kwa bidii ileile unayotafuta nayo neno 4K. Na zumu: angalia ile ya lenzi yenyewe, mara 10, mara 20. Zumu ya kidijitali, hata iandikwe mara 300, ni kuivuta picha iliyokwisha kupigwa, haiongezi chochote.

Wengine wataniuliza, simu je? Simu nzuri ya leo inapiga 4K, na kwa kipande cha dakika mbili mchana sina ugomvi nayo. Kamera ya video inaishinda kwa mambo matatu ambayo Amani inayataka: lenzi inayofika mbali, betri unayoweza kuibadilisha katikati ya shughuli, na uwezo wa kurekodi saa nzima bila kuchemka. Kamera za picha za mnato nazo, zile kubwa za kubadilisha lenzi, nyingi za miaka iliyopita hukata video kila zinapokaribia dakika 30. Muulize muuzaji hilo waziwazi, hasa kama unarekodi maulidi au hotuba ndefu.

Liko jambo jingine linalowasumbua wanaoletewa kamera na ndugu zao kutoka Marekani. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kule ni 60. Taa ya tyubu ukumbini inapwesa kufuata umeme. Kamera iliyopangwa kupiga picha 30 au 60 kwa sekunde haiendani na mapwesi yale, na video inatoka na mistari inayopanda na kushuka ukutani. Tafuta kwenye menyu, upange picha 25 au 50 kwa sekunde. Kama menyu haina nafasi hiyo, na kamera nyingi za soko la kule hazina, shusha kasi ya shata (shutter) mpaka moja kwa 50 au uipandishe mpaka moja kwa 100. Kama hata hilo haliwezekani, hiyo ni kamera ya mchana. Kamera zinazotoka Dubai na Muscat kwa kawaida hazina taabu hii, maana huko umeme ni wa 50 kama wetu.

Tuseme sasa umeshanunua. Hewa ya Amani inakusubiri. Kadi haioti kuvu, lakini lenzi inaota. Utaona utando kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, mahali kitambaa hakifiki, na kuusafisha ni kazi ya fundi wa kufungua lenzi. Kuvu hupenda giza, utulivu na hewa yenye unyevunyevu uliopita asilimia 65 hivi. Begi la ngozi kabatini linalipatia yote matatu. Weka kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na chembe za silika jeli za kunyonya maji, zile zinazobadilika rangi zikishiba, ili ujue lini uzikaushe kwa moto mdogo. Na kamera usiifungie miezi. Itoe, iwashe, ipate mwanga. Ukishuka nayo Muheza asubuhi, iache ndani ya mfuko uliofungwa vizuri mpaka nayo ipate joto la huko, nusu saa au zaidi, ndipo uifungue.

Picha zenyewe usiziache kwenye kadi. Kadi ni chombo cha kubebea. Chaji inayoshikilia picha ndani yake hupungua ikikaa miaka bila kuguswa, na kadi ni ndogo kiasi cha kupotea kwenye mshono wa mfuko. Usiku uleule hamishia kwenye diski mbili za nje, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Kama diski moja iko kwako Amani, nyingine iwe kwa ndugu Tanga au Korogwe. Moto hauchomi nyumba mbili za miji miwili, na mwizi wa Amani hafiki Korogwe usiku mmoja. Kila mwaka zifungue zote mbili, na kila baada ya miaka mitano hivi hamishia kwenye diski mpya hata kama ile ya zamani bado inafanya kazi. Ukipenda kuweka na nakala mtandaoni, bando likiruhusu, vizuri. Mimi nisingeiacha iwe nakala ya pekee.

Anayepiga kwa biashara ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani akumbuke kibali, cha wakala wa misitu na cha Bodi ya Filamu, kabla ya kufungua begi.

Limebaki jambo lisilo na gharama, nalo ndilo linalosahaulika kuliko yote: kuandika maelezo. Kituo cha Amani kilianza mwaka 1902 kukausha mimea na kuibandika kwenye karatasi, na mkusanyo ule ndio uliohamishiwa Nairobi mwaka 1950 ukaendelea kuwa hazina ya mimea ya Afrika Mashariki. Mmea uliokaushwa bila maelezo ni jani kavu. Unaofaa ni ule wenye karatasi inayosema umechumwa wapi, lini, na nani. Video nayo ni hivyohivyo. Faili linaloitwa 00017 halimwambii mtu kitu miaka ishirini baadaye, hata kama lina pikseli milioni nane. Libadilishe jina usiku uleule: mwaka, mwezi, siku, kijiji, shughuli. Kama ni mzee anasimulia, kabla hajaanza mwombe, kamera ikiwa inarekodi, aseme mwenyewe jina lake na la baba yake, alipozaliwa, na lugha atakayosimulia. Kisha andika mambo hayohayo kwenye kipande cha karatasi ukifunge pamoja na diski. Andika kwa penseli. Wino mwingi huchuruzika ukilowa, penseli haichuruziki.